Baa ya Protini Haichaguliwi kwa Gramu za Mafuta

Upo ushauri mmoja ambao umeshakuwa kama sheria kwa watu walio kwenye dayati. Ukitaka kununua baa ya protini, unaambiwa, igeuze nyuma, soma mafuta, soma kalori, ilinganishe na jirani yake rafuni, kisha beba ile yenye tarakimu ndogo. Makocha wa jimu wanausema, makundi ya WhatsApp ya kupunguza uzito yanaurudia kila Jumatatu asubuhi, na muuzaji dukani naye amejifunza kuusema. Sijasikia mtu akiupinga, kwa kuwa unasikika kama akili ya kawaida: mafuta yananenepesha, kalori zinanenepesha, basi penye kidogo ndipo penye usalama.

Mimi naupinga. Sisemi kalori ni uzushi. Mwili una daftari lake, na daftari hilo halidanganyiki. Ninachosema ni kwamba ulinganishaji huu, jinsi unavyofanywa leo, unampa mtu tarakimu mbili ambazo kati ya baa na baa hazina uzito anaodhani zinao, na unamfumba macho asione mambo yanayoamua kweli kama atapungua: shibe anayoipata, na chakula ambacho baa hiyo imechukua nafasi yake.

Tukumbuke kwanza kitu hiki kilitoka wapi. Brian Maxwell alikuwa mkimbiaji wa marathoni kutoka Kanada aliyekuwa akiishi Berkeley, California. Aliwahi kuishiwa nguvu katikati ya mbio, akaanza kutafuta chakula ambacho mkimbiaji angeweza kukitafuna njiani bila tumbo kumsumbua, na mwaka 1986 akaanzisha PowerBar. Yaani shabaha ya mwanzo ilikuwa kufungasha nishati nyingi ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Baadaye wafanyabiashara wakaona kwamba watu wanaokimbia kilomita 42 ni wachache, lakini wanaotaka kupungua bila kuachana na kitu kitamu ni wengi mno. Umbo likabaki lilelile, maneno ya kwenye karatasi yakabadilika. Leo mtu anayekaa kwenye kiti cha ofisi Upanga au Westlands kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni anakula mjukuu wa chakula cha mkimbiaji, na swali lake la kwanza ni ipi ina kalori chache. Swali la kwanza lingekuwa kama anaihitaji kabisa. Lakini tuliache hilo kidogo, tuingie dukani.

Chukua baa mbili za mfano. Ya kwanza ina kilokalori 220, mafuta gramu 9, protini gramu 20, sukari gramu 2. Ya pili ina kilokalori 190, mafuta gramu 4, protini gramu 9, sukari gramu 15. Zote mbili karatasi zinang'aa, zote mbili zimeandikwa protini kwa herufi kubwa. Mazungumzo ya mbele ya rafu tunayajua.

"Dada, chukua hii, haina mafuta."

"Una uhakika, kaka?"

"Si umesoma mwenyewe? Nne kwa tisa. Na kalori pia iko chini."

Dada analipa, anatoka na ya pili, moyo mweupe. Ameokoa kilokalori 30. Kilokalori 30 ni vijiko viwili vidogo vya sukari kwenye kikombe cha chai. Ni robo ya kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, kwa maana kijiko kikubwa kimoja kina karibu kilokalori 120, na sijawahi kuingia jiko la nyumba ya Kiswahili ambako mafuta ya kukaangia kitunguu yanapimwa kwa kijiko. Humiminwa kutoka kwenye dumu mpaka mkono wenyewe useme basi. Mtu anasimama dakika kumi dukani akigombania robo ya kijiko, kisha jioni kwenye mchicha wa nazi anakula vijiko vitatu bila kujua.

Na kwa kuokoa hicho alichookoa ametoa nini? Ametoa gramu 11 za protini, ambayo ndiyo kitu chenyewe alichokifuata, akapewa badala yake gramu 13 zaidi za sukari, vijiko vidogo vitatu na ushei. Kwa kalori zilezile, protini hushibisha kuliko wanga na kuliko mafuta. Hili limejaribiwa mara nyingi na halina ugomvi mkubwa. Mwili wenyewe hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati ya protini katika kuimeng'enya tu, wakati kwa wanga ni asilimia 5 hadi 10 na kwa mafuta haizidi 3. Zaidi ya hapo, anayepungua uzito hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na msuli, na kinachoulinda msuli ni protini ya kutosha pamoja na mazoezi ya kubeba uzito. Kwa hiyo dada yetu ameuza kinga yake ya njaa na ya msuli kwa bei ya robo kijiko cha mafuta. Huo ndio ushindi tunaopigiwa makofi.

Kipo kizingiti cha sheria kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Katika Umoja wa Ulaya, mtengenezaji haruhusiwi kuandika kwamba bidhaa yake ina protini nyingi mpaka angalau asilimia 20 ya nishati yake itokane na protini. Gramu moja ya protini ni kilokalori 4. Baa ya kwanza: 20 mara 4 ni 80, gawanya kwa 220, ni asilimia 36. Ya pili: 9 mara 4 ni 36, gawanya kwa 190, haifiki hata 19. Iliyoshinda mashindano ya mafuta na kalori imeanguka kwenye mtihani wa kuitwa chakula chenye protini nyingi.

Sasa tuje kwenye tarakimu zenyewe, maana watu wanazisoma kama mtu asomaye mita ya maji. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Wilbur Atwater, mkemia wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Middletown, Connecticut, alipima vyakula na watu waliovila, akapata viwango vya wastani ambavyo dunia inavitumia mpaka leo: protini 4 kwa gramu, wanga 4, mafuta 9. Kwa kawaida mwenye kiwanda huchukua viwango hivyo, akazidisha, akajumlisha, akaandika. Hakuna aliyeingiza baa yako kwenye mtambo akaona mwili wako utavuna nini. Sheria ya Marekani inamtaka tena aikadirie jumla hiyo kwenye kumi iliyo karibu, kwa hiyo 186 na 194 zote zinatokea kwenye karatasi zikiwa 190. Na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, haihesabu kuwa ni kosa mpaka kalori au mafuta yapite asilimia 120 ya yaliyoandikwa. Piga hesabu: baa ya 190 inaweza kuwa na 228 na isivunje sheria yoyote. Ile ya 220 iliyoachwa rafuni kwa kuwa "nzito" ingeweza kuwa nyepesi kuliko iliyonunuliwa. Kosa linaloruhusiwa ni kubwa kuliko tofauti tunayoishindania.

Wapo watakaosema makosa hayo yanaangukia pande zote, mwisho wa siku yanajilipa. Si lazima. Chukua lozi, ambazo zimo ndani ya baa nyingi. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi nzima, wakapima kilichoingia na kilichotoka. Gramu 28, ambazo kwa hesabu ya Atwater ni kama kilokalori 170, ziliupa mwili 129 tu. Sababu yake ni kuta za seli za lozi. Meno hayazivunji zote, na mafuta yaliyofungiwa ndani yanapita zake mpaka chooni. Lozi zikisagwa zikawa laini kama siagi, tofauti hiyo karibu yote inatoweka. Kumbe baa yenye vipande vya lozi unavyoviona kwa macho inaandikiwa mafuta ambayo sehemu yake hutaipata, na baa laini iliyofinyangwa kwa sharubati ya sukari inaandikiwa kalori ambazo utazipata zote. Na kati ya hizo mbili, ushauri wa mafuta machache unakupeleka kwenye sharubati.

Hofu yenyewe ya mafuta si ya kale kama watu wanavyodhani. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na George McGovern ilitoa malengo ya lishe kwa taifa hilo, na moja ya yale yaliyoshika kwenye vichwa vya watu ni kupunguza mafuta. Viwanda vikasikia. Mwaka 1992 Nabisco ikaleta SnackWell's, biskuti zisizo na mafuta, na watu wakazila kwa pakiti nzima kwa sababu karatasi iliwapa ruhusa. Kilichokosekana kwenye mafuta kilijazwa na sukari na unga. Lebo ya lishe ilipokuwa lazima nchini humo mwaka 1994, ilikuwa na mstari wake maalumu wa kalori zinazotokana na mafuta. Ndiyo lebo iliyotufundisha sisi sote kusoma.

Mwaka 2016 FDA iliuondoa mstari huo. Ilieleza wazi kwamba aina ya mafuta ni jambo kubwa kuliko wingi wake, na ikaamuru badala yake iandikwe sukari iliyoongezwa. Waliotunga kipimo wamekifuta, sisi tuliokipokea bandarini bado tunakisoma hata kisipokuwepo.

Na kisa cha kampuni ya baa ya KIND kingetosha peke yake kuumaliza ubishi huu. Mwezi Machi 2015 FDA iliiandikia kampuni hiyo barua ya onyo kwa kuwa iliandika kwenye baadhi ya baa zake neno linalodai kwamba zina afya. Kosa lilikuwa mafuta yanayoganda kupita gramu moja kwa kipande. Mafuta yalitoka wapi? Baa zenyewe zilijaa lozi na kokwa nyingine. Kwa kanuni ile ile, nafaka za asubuhi zilizotiwa sukari na vitamini zingeweza kubeba neno hilo, na samaki aina ya samoni asingeweza. Kampuni ikapinga, mwaka 2016 ikaruhusiwa kulitumia tena neno lake, na Desemba 2024 kanuni nzima ikaandikwa upya, kokwa na samoni vikaingizwa. Serikali iliyokuwa na wanasayansi wake, maabara zake na wanasheria wake ilitumia kipimo cha gramu za mafuta, kikaipeleka kwenye sukari na kuikimbiza mbali na lozi. Kocha wetu wa Sinza anaamini yeye hakitampoteza.

Tuseme lakini kwamba lengo si afya kwa ujumla, lengo ni kilo tu. Hapa ndipo wapinzani wangu wanapojiona wako nyumbani. Mafuta 9, protini 4, wanga 4. Punguza chenye 9 utapungua. Basi tuangalie waliojaribu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, wanawake 48,835 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 waligawanywa, kundi moja likafundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka, jingine likaachwa na mlo wake. Baada ya mwaka mmoja tofauti ya uzito ilikuwa kama kilo 1.9. Baada ya miaka saba na nusu, ilikuwa kilo 0.4. Haki itendeke: utafiti ule haukuundwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Lakini ule wa Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 2018, uliundwa hasa kwa hilo. Watu 609, miezi kumi na miwili, nusu mafuta kidogo, nusu wanga kidogo. Waliopunguza mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Hakuna aliyeagizwa ahesabu kalori. Wote waliagizwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga mweupe, na wapike chakula chenyewe badala ya kufungua pakiti. Walipungua.

Jambo jingine ambalo wapenzi wa tarakimu hawalioni ni kwamba kiwanda kinasikiliza. Ukiuliza mafuta mangapi, kitakuletea bidhaa yenye mafuta machache, kwa njia yoyote ile. Tazama tabaka la juu la baa nyingi, lile linalofanana na chokoleti. Mara nyingi ni mafuta ya kokwa za mchikichi, ambayo watu wa Kigoma wanayajua kwa jina la mafuta ya mise, na huganda kwa sababu ya aina yake. Gramu nne za hayo na gramu tisa za mafuta ya lozi si mizani moja, lakini kwenye mstari wa mafuta nne inashinda.

Ukiuliza sukari, kitakuletea maltitoli, yenye kilokalori 2.1 kwa gramu badala ya 4. Tarakimu inashuka vizuri. Tumbo nalo lina maoni yake: Ulaya chakula chenye zaidi ya asilimia 10 ya vitamu vya jamii hiyo ni lazima kiandikwe onyo kwamba kikizidi kinaweza kuendesha. Aliyewahi kula baa mbili za namna hiyo kabla ya kupanda daladala ya kutoka Kariakoo hadi Mbagala anajua onyo hilo halikuandikwa kwa mchezo. Ukiuliza kalori na mafuta na sukari kwa pamoja, huletewa kitu kama David, baa iliyotoka Marekani mwaka 2024 ikiwa na protini gramu 28, kilokalori 150 na sukari sifuri. Siri yake kubwa ni mafuta yaliyobadilishwa kimaabara, EPG, ambayo mwili karibu hauyafyonzi na hivyo huhesabiwa kilokalori 0.7 kwa gramu badala ya 9. Sisemi ni sumu. Nakumbusha tu kwamba safari hii tumeshawahi kwenda: mwaka 1996 FDA iliruhusu olestra, mafuta mengine yasiyofyonzwa, pakiti zake zikabeba onyo la tumbo kuuma na kuharisha mpaka onyo hilo lilipoondolewa mwaka 2003, na vibanzi vya olestra havikuwakondesha Wamarekani. Kwa kipimo cha mafuta na kalori, baa kama hiyo ndiyo kilele cha maendeleo. Kwa kipimo changu bado haijajibu swali: umekula hiyo badala ya nini?

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni hii, na sitaki kuikwepa. Wanasema kilokalori 30 kwa siku ni ndogo, lakini kwa mwaka ni karibu 11,000, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kilokalori 7,700, hiyo ni kilo moja na nusu kasoro kidogo. Haba na haba. Kwenye karatasi hesabu imenyooka. Inachohitaji ni kwamba kwa siku 365 usiongeze hata punje moja ya chakula kufidia kile ulichopunguza, wala mwili usipunguze matumizi yake unapopungua. Mwili hufanya yote mawili. Baa iliyokuacha na njaa saa tano asubuhi inadai deni lake saa saba mchana, na deni hilo hulipwa kwa sahani ya wali iliyojazwa kuliko jana, au kwa andazi moja la ziada ambalo hakuna aliyesoma lebo yake. Ili zile kilokalori 30 zifanye kazi, inabidi baa ishibishe. Na kinachoshibisha hakikuwa kwenye mistari miwili uliyoilinganisha.

Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani huko Bethesda walilionyesha jambo hili mwaka 2019 kwa namna inayouma. Watu 20 walilazwa mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida vilivyopikwa, na waliruhusiwa kula wanavyotaka. Milo iliyowekwa mezani ililinganishwa: kalori sawa, mafuta sawa, sukari sawa, nyuzinyuzi sawa. Yaani ungeigeuza nyuma milo yote miwili ukaisoma kama tunavyosoma baa, ungesema hakuna tofauti. Walipokuwa kwenye vya kiwandani walikula karibu kilokalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka kilo 0.9, walipokuwa kwenye vya kupikwa wakapungua kilo 0.9. Ni utafiti mdogo, wa muda mfupi, na watu walikuwa wodini, si majumbani kwao. Lakini hakuna namna ya kuueleza kwa gramu za mafuta, maana ziliwekwa sawasawa kwa makusudi. Kilokalori 500 kwa siku, na sisi tumeshikana mashati kwa 30.

Mtu wa pwani ana haki ya kucheka akisikia viungo vya baa ya RXBar ya Chicago, ambayo Kellogg iliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 600: tende, ute wa yai, lozi na korosho. Tende na lozi zimekaa kwenye sinia za Unguja na Maskati tangu hatujajua Chicago iko wapi. Lakini nisije nikaonekana nasifu cha kwetu kwa kuwa ni cha kwetu. Karanga, kwa mfano, watu wanaziita protini, na kashata ya karanga wanaiita baa yetu ya asili. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 26 hivi, lakini kilokalori 567. Asilimia 18 tu ya nishati yake ni protini, na kashata inaongezewa sukari juu yake. Karanga ni chakula kizuri. Ila anayezila kama protini ya kupungulia anajidanganya kama yule wa baa ya pili. Maharage ya kuchemsha, kwa upande mwingine, yasiyo na karatasi wala tangazo, yana protini inayokaribia gramu 9 na kilokalori 130 hivi kwa gramu 100. Yanafika asilimia 27, yanavuka kizingiti cha Ulaya na chenji inabaki.

Halafu kuna yai. Kijana anapita na trei mkononi, kikopo cha chumvi na kachumbari ya pilipili pembeni, anamenya kwa vidole vitatu, anapasua katikati kwa kisu kidogo, anakutia pilipili, unakula umesimama. Mayai mawili ni kilokalori 150 hivi, protini gramu 12, mafuta gramu 10. Hela ya baa moja ya kutoka nje inanunua mayai ya siku kadhaa. Kwa kalori yai limezishinda baa zetu zote mbili, kwa protini limeipita ile ya pili, kwa sukari halina. Lakini lina mafuta gramu 10, kwa hiyo kwa kanuni ya rafuni ndilo la mwisho kati ya vitatu. Kanuni inayompitisha mtu mbele ya mayai mawili ya kuchemsha ili akanunue sukari iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha, kwa bei mara kadhaa, mimi siiiti ushauri wa lishe.

Nakubali baa ina mahali pake. Muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa lori anayevuka Tunduma, mwanafunzi aliyetoka maabara kantini imeshafungwa: hao baa yenye protini ya kutosha itawafaa kuliko soda na biskuti, na hapo sina ubishi. Kama ndiyo hali yako, basi soma, ila soma vizuri. Rafu zetu zina mchanganyiko ambao Mmarekani au Mwingereza hana: baa ya Marekani imeandikwa kwa kipande, ya Ulaya kwa gramu 100, ya Afrika Kusini inaanza na kilojuli. Nimeona mtu akirudisha baa ya kilojuli 840 kwa hofu, akachukua ya kilokalori 230. Kilokalori moja ni kilojuli 4.184, aliyoirudisha ilikuwa ya kilokalori 200. Zidisha protini mara nne, gawanya kwa kilokalori, ona kama umevuka asilimia 30. Tazama sukari iliyoongezwa. Mstari wa jumla ya mafuta uruke.

Najua nitajibiwa, na majibu nayakaribisha. Ila anayenijibu asinijie na karatasi mbili mkononi akinionyesha nne kwa tisa. Aniambie baa hiyo aliila saa ngapi, aliila badala ya chakula gani, na njaa ilimrudia baada ya muda gani. Asipokuwa na jibu la hayo matatu, gramu zake tano za mafuta azirudishe rafuni alikozitoa.